Safari za Wino Mwekundu

"Usiwashe! Baba Pacha, nakuomba, usiwashe!"

Fundi akauacha ufunguo ukining'inia, akashusha pumzi. Mke wake alikuwa anakuja mbio kutoka jikoni, daftari kwapani, kalamu mbili zimechomekwa kwenye kilemba, moja nyeusi na moja nyekundu, mkono wa kulia bado unachuruzika maji ya vyombo. Aliukausha kwenye gauni, akaingiza kichwa dirishani mpaka kilemba kikamgusa mumewe puani, akazisoma zile namba ndogo za kwenye dashibodi kwa sauti, moja moja, kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi. Kisha akaandika.

"Unakwenda wapi?"

"Chuo cha ushonaji. Mashine tatu zimegoma."

"Halafu?"

"Halafu narudi nyumbani kwa mke wangu polisi."

"Polisi hapiki chai. Nenda, Mungu akutangulie."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi, na tena kila jioni gari liliporudi. Fundi alikuwa anatengeneza cherehani. Cherehani za kiwandani hazibebwi begani, kwa hiyo yeye ndiye aliyezifuata, na boksi lake la vifaa na makopo yake ya oili, na kwa sababu hiyo wateja walimwita Daktari. Mkewe alikuwa mama wa mabinti wawili waliozaliwa siku moja, na mtaani wote walimwita Mama Pacha, mpaka mwaka alipojiandikisha darasa la jioni la hesabu za biashara. Huko mwalimu aliwaambia kwamba mtu anayetumia gari lake mwenyewe kwa kazi anapunguziwa kodi kwa kila kilomita ya kazi, mradi aiandike siku hiyo hiyo na asiichanganye na safari za nyumbani. Mama Pacha alirudi siku ile kama mtu aliyeokota pochi. Alinunua daftari la jalada gumu, akapiga mistari kwa rula, akaandika juu kabisa: tarehe, pa kwenda, shughuli, km. Safari za kazi kwa wino mweusi, za nyumbani kwa mwekundu.

Fundi alikatazwa kuligusa. "Vidole vyako vimelala na oili, vimeamka na oili," mkewe alimwambia. "Wewe endesha, mimi niandike. Kila mtu na kazi yake." Fundi hakubisha. Mtaa nao haukukawia. Kabla mwezi haujaisha, mwanamke yule alikuwa ameshapata jina jipya: Mama Kilomita.

Mwaka ulipokwisha walijaza fomu za kodi, wakaambatisha nakala ya daftari na risiti za mafuta, wakapeleka. Punguzo lilitoka zuri kiasi kwamba Mama Pacha alilipigia hesabu mara tatu, kila mara akitumaini amekosea, ili afurahi tena kuona hajakosea.

*

Barua za mtaa ule ziliachwa kwa mwenye duka. Mama Pacha alikwenda kununua chumvi, akamkuta mwenye duka ameishika bahasha juu kama mnadi.

"Mama Kilomita! Ofisi ya kodi imekukumbuka. Kama ni hela, usisahau nani alikutunzia barua."

Wateja wawili wakacheka. Mama Pacha naye akacheka, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa mweupe, akafanya kosa la kuifungua palepale. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Vipi, nzuri?" mwenye duka aliuliza.

"Barua tu."

"Aa! Barua tu haimfanyi mtu aache chumvi yake kaunta."

Aligeuka, akaichukua chumvi, akatoka. Nyuma yake alisikia mtu ananong'ona, "Kumbe hata kilomita zinaweza kumshika mtu."

Barua ilikuwa na lugha ya adabu, lakini ilichoma. Ilisema maombi ya punguzo yamesimamishwa. Kutoka mjini hadi kiwanda cha sare, barabara ina kilomita arobaini. Daftari la mlipakodi limeandika ishirini na tano, safari baada ya safari. Tena mafuta yaliyonunuliwa ni mengi mno kwa umbali ulioandikwa. Mlipakodi afike Alhamisi na daftari halisi, na risiti, na gari lenyewe. Asiporidhisha, punguzo lote litafutwa, na faini juu yake.

Kodi yote pamoja na faini. Mama Pacha hakuhitaji darasa la jioni kuona kwamba hiyo ilikuwa bei ya gari lao, labda na chenji kidogo. Na gari likiuzwa, Daktari atawafikiaje wagonjwa wake?

*

Jioni ile Fundi alisoma barua akiwa bado amesimama, mikono imejaa povu la sabuni ya unga aliyokuwa akitolea oili. Aliisoma mkewe akiwa ameishika, maana hata leo hakuruhusiwa kugusa.

"Mimi nilifika kiwandani," alisema.

"Najua."

"Kila mara. Ningetengenezaje mashine nikiwa nusu ya njia? Ningezitengeneza kwa maombi?"

"Nimesema najua, Baba Pacha."

Mama yake Fundi, ambaye wote nyumbani walimwita Bibi, alikuwa amekaa kwenye mkeka akiwasuka mapacha kwa zamu. Kando yake alikuwepo dada yake Fundi, wifi mtu, ambaye alikuja kuazima pasi na sasa hakuwa na haraka tena.

"Ndiyo haya ya kusoma ukubwani," wifi alisema. "Kabla ya daftari hili, nani aliwahi kuwaandikia barua? Mlikuwa mnalipa kodi yenu kimya kimya kama binadamu wengine."

"Wifi, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mimi nawapa dawa. Daftari jipya bei gani? Kaeni chini leo na kesho, mwandike upya. Kiwandani, arobaini. Kiwandani, arobaini. Mwandiko ni wako, nani atajua?"

Ukweli ni kwamba wazo lile lilikuwa limeshampitia Mama Pacha kichwani alipokuwa njiani kutoka dukani. Alikuwa ameona hata rangi ya jalada.

"Nakala ya lile la zamani wanayo," alisema mwishowe.

"Mseme mlikosea."

"Tulikosea nini? Hilo ndilo nisilolijua. Nikiandika arobaini bila kujua ishirini na tano ilitoka wapi, nitakuwa nimetunga. Mimi mle ndani sijatunga hata herufi."

Wifi alitazama dari. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki, na mara nyingi mdomo ulitangulia. "Basi tujiulize, kilomita ishirini na tano kuna nini? Si pale njia panda? Pale kwa yule mjane wa duka la vitambaa, ambaye kaka huwa anasimama kuongeza maji kwenye rejeta?"

Bibi aliacha kusuka. Pacha mmoja akasema "Uwii!" na mwenzake akamfinya.

"Gari linachemka," Fundi alisema. "Nisimame wapi, porini?"

"Sijasema kitu. Nimetaja njia panda tu."

"Wewe chukua pasi uende," Bibi alimwambia binti yake. "Na huyu mwanangu hajui kudanganya. Alipokuwa mdogo akiiba sukari, alikuwa anakuja kuniuliza kama nimegundua."

Walicheka, hata Fundi. Lakini Mama Pacha alicheka kwa meno tu. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda na daftari mbele yake. Namba zilikuwa zile zile. Alizisoma mwenyewe, kwa macho yake, asubuhi na jioni. Kama namba ni za kweli na barabara ni ya kweli, basi gari halikufika kiwandani. Na mafuta yale ya ziada yalikwenda wapi? Alijaribu kulifukuza wazo hilo, likatoka mlangoni, likaingilia dirishani.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini, "nimesoma ukubwani, na ulijua nitakosea. Lakini hapa sioni nilipokosea. Nionyeshe. Na kama si mimi..." Kisha akasema haraka, kama mtu anayevuta mlango kabla upepo haujaingia: "Hapana. Naomba iwe ni mimi. Faini tutalipa. Iwe tu ni mimi niliyekosea."

*

Alhamisi asubuhi alisoma namba kama kawaida, akapanda mbele, daftari mapajani. Walikwenda mpaka taa za barabarani.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Nataka kukuuliza jambo, na nataka uniangalie."

"Nikuangalie naendesha?"

"Taa ni nyekundu."

Akamwangalia. Mama Pacha akamwuliza, bila kuzunguka, kama aliwahi kuishia njia panda na kumwambia amefika kiwandani.

Fundi hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Uso wake ulilegea tu, kama wa mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. "Wewe, Mama Pacha? Wewe ndiye unaniuliza hilo?"

"Mimi."

"Nikuapie?"

"Usiape. Niambie tu."

"Nilifika kiwandani. Kila mara."

"Basi," alisema. "Imekwisha."

Nyuma yao watu walikuwa wanapiga honi. Taa ilikuwa imeshageuka kijani.

*

Kwenye ofisi ya kodi mlinzi aliwaambia boksi la vifaa halipiti. Fundi akalirudisha garini. Akaambiwa ana bisibisi mfuko wa shati. Akairudisha nayo. Mlinzi akaitazama mikono yake, akasema, "Mzee, hujapata maji huko kwenu?" Fundi akaificha mifukoni. Waliketi kwenye viti vya plastiki vilivyoungana, hivi kwamba mtu wa mwisho akijikuna, safu nzima inajua. Walipoitwa, walisimama mbele ya dirisha la kioo lenye tundu dogo la kusemea, na kwa kuwa tundu lilikuwa dogo, ofisa alilazimika kupaza sauti.

"Nyinyi ndio wa cherehani? Wa kilomita?"

Chumba kizima kikageuka.

"Ndiyo sisi," Mama Pacha alisema, akajikaza.

Ofisa alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na macho ya mtu asiyelala vizuri. Hakuwa mkali. Alilipokea daftari kupitia upenyo wa chini, akaanza kulipekua, jani kwa jani, akilinganisha na nakala yake. Alipofika katikati akasimama.

"Huu wino mwekundu ni wa nini?"

"Hizo si za kazi. Hatuziombei punguzo."

Akasoma kwa sauti ile ile ya tundu dogo. "Kwenda ibada. Kumpeleka Bibi hospitali. Kumrudisha Bibi hospitali, alisahau miwani. Mahafali ya pacha." Mtu mmoja nyuma alicheka. "Kutengeneza cherehani ya wifi... Mama, mbona hii umeiweka nyekundu? Si kazi?"

"Hakulipa."

"Alikataa kulipa?"

"Ni wifi yangu," Mama Pacha alisema, na wanawake wote kwenye viti vya plastiki wakaguna kwa kuelewa.

Ofisa alikohoa ili asicheke. Lakini aliporudi kwenye karatasi zake uso wake ulikuwa wa kazi. "Sikilizeni. Wino mwekundu nauamini. Shida yangu ni mweusi. Watu wengi huja hapa wameongeza. Nyinyi mmepunguza, tena sana. Sasa mtu akiandika umbali usiofika, nasema ama alikuwa nyumbani anakisia, ama gari halikwenda aliposema. Na haya mafuta! Gari dogo hili linakunywa kama lori. Yote yalikuwa ya kazi?"

"Mimi nilifika," Fundi alisema.

"Mzee, kila anayesimama hapo alifika."

Mama Pacha alimwona Fundi akizamisha mikono zaidi mifukoni, mabega yakipanda. Mume wake, ambaye akiingia kiwandani wanawake mia hushangilia, alikuwa amesimama pale kama mtoto aliyechelewa shule. Hapo ndipo alipojua kwamba anamwamini, bila hesabu yoyote. Aliinama kwenye tundu.

"Mwanangu, barua yako ilisema tuje na gari. Tumekuja nalo. Toka ulione. Ukikuta namba za garini hazilingani na nilizoandika asubuhi, chukua hilo gari."

"Mama Pacha!" Fundi alisema.

"Nimeshasema."

*

Ofisa akatoka na kibao chake cha kuandikia. Namba za garini zililingana na za daftari, ukiondoa zile za njia ya kuja. Akakuna kidevu. Akasema nyuma ya ofisi inapita barabara kuu, na barabara kuu ina nguzo ndogo nyeupe pembeni, moja kwa kila kilomita. Twende tukahesabu nguzo. Hilo, alisema, halina ubishi.

Basi wakaenda: Fundi kwenye usukani, ofisa kando yake, Mama Pacha nyuma katikati ya makopo ya oili, shingo ameinyoosha ili aone dashibodi. Kwenye nguzo ya kwanza ofisa aliandika namba. Nguzo zikaanza kupita. Mama Pacha alizihesabu kimoyomoyo, na kila moja aliipa dua fupi. Walipofika ya kumi kutoka ile ya mwanzo, Fundi akaegesha.

Ofisa akainama kutazama. Akatazama tena.

"Nguzo kumi," alisema. "Gari linasema sita."

"Limeharibika!" Mama Pacha akapiga kelele kwa furaha. "Mungu ni mwema, limeharibika!"

"Haliwezi kuharibika sawasawa hivi," ofisa alisema. "Kila mara lipunguze kiasi kile kile?"

"Halijaharibika," Fundi alisema, kama aliyekerwa kwa niaba ya gari. "Mashine hii nimeifungua mwenyewe. Iko sawa kabisa. Sita ndiyo hiyo hiyo kumi."

Wote wawili wakamgeukia.

"Sita ndiyo kumi vipi?" mkewe aliuliza.

"Kwani hili gari si lilitoka nje? Huko wanahesabu maili. Hizo ni maili. Mimi nikiona sitini kwenye spidi, najua nakimbia kama mia." Aliwatazama, mmoja mmoja, asielewe kwa nini wanamkodolea macho. "Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Mimi."

Lori likapita, likalitikisa gari.

"Baba Pacha," Mama Pacha alisema taratibu sana, "mwaka mzima umeniona naingiza kichwa dirishani. Mwaka mzima nasoma hizo namba puani kwako. Hukuona niliandika nini juu ya safu? Km! Kilomita! Mtaa mzima unaniita Mama Kilomita!"

"Ningeonaje? Ulinikataza nisiguse."

"Nilikukataza kugusa, sikukukataza kutazama!"

"Nikilitazama ulikuwa unalifunga! Unasema pumzi yangu ina oili!"

"Sikusema pumzi!"

"Ulisema pumzi. Mapacha walikuwepo."

Ofisa alikuwa amegeuza uso upande wa dirisha, mabega yakitikisika. Mama Pacha alitaka kuendelea, alikuwa na mengi, lakini ghafla akalikumbuka daftari mapajani. Alilifungua, akatazama zile herufi mbili juu ya safu, alizoziandika kwa rula na fahari siku ile ya kwanza kwa sababu mwalimu aliziandika hivyo ubaoni. Herufi zake. Mkono wake. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyekosea."

"Sasa hilo nalo la kufurahia?" Fundi aliuliza.

"Wewe hujui. Nyamaza, endesha."

Njiani kurudi ofisa alipiga hesabu kwenye magoti. Ishirini na tano za kiwandani zikawa arobaini kamili. Mafuta nayo yakakaa mahali pake. Gari halikunywa kama lori, lilikunywa kama gari zee lenye kazi nyingi. Kabla ya kushuka alisema, "Barua ile nitaifuta leo. Lakini mama, hesabu yote imebadilika. Mmeomba punguzo dogo kuliko haki yenu. Mnajaza fomu ya masahihisho, mnaongezewa."

"Tunaongezewa?"

"Mnaongezewa."

"Na nyekundu nazo zinakuwa ndefu?"

"Zinakuwa ndefu, ila hizo hazina hela."

"Zisahihishe pia," Mama Pacha alisema. "Wifi asije akasema nimempunja."

Mlangoni mlinzi aliwaona wakirudi na ofisa, wote watatu wanacheka. Akamfungulia Fundi mlango. Fundi, aliyetoa mikono mifukoni bila kukumbuka, akamshukuru.

*

Mambo ya karatasi yalipokwisha jua lilikuwa bado juu. Fundi aliwasha gari, lakini badala ya kukata kushoto kwenda nyumbani, akashika barabara kuu.

"Unapotea," mkewe alisema.

"Sipotei. Nakupeleka kiwandani."

"Kufanya nini?"

"Kuona. Umepaandika mara ngapi? Hujawahi kufika."

Mama Pacha alitazama nje. Nguzo nyeupe zilipita moja moja, na mara hii hakuzihesabu. Penye njia panda gari likaanza kutoa mvuke, wakasimama kwa mjane wa duka la vitambaa. Alikuwa bibi mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akawaletea kopo la maji na viti viwili.

"Ndiye huyu mkeo wa daftari?" alimwuliza Fundi. "Karibu, mwanangu. Kila akipita hapa ni mke wangu anaandika hivi, mke wangu anasoma vile. Nikamwambia basi mlete, au ni wa kuandikwa tu?"

Mama Pacha alikunywa maji yote ili apate pa kuuficha uso.

Walipoondoka, Mama Pacha akasema, "Lile swali la kwenye taa. Nisamehe."

"Swali gani?" Fundi alisema, akabadilisha gia.

Mbele ya geti la kiwanda Mama Pacha aliisoma dashibodi mwenyewe. Kutoka mjini: ishirini na tano, haikuzidi wala haikupungua. Alilifungua daftari, akachukua kalamu nyekundu kwenye kilemba, maana hii ilikuwa safari ya kutembea, haina ubishi. Hajafika hata kwenye tarehe, mwanamke mmoja akatoka getini mbio, tepu ya kupimia ikipepea shingoni.

"Daktari! Nani kakwambia? Mashine ya vifungo imekufa tangu asubuhi, sare mia mbili zimekaa wazi vifua! Na huyu ni nani, nesi?"

"Bosi wangu," Fundi alisema. Alikuwa ameshafungua buti na boksi lipo mkononi. Akamgeukia mkewe, nusu anaomba radhi. "Mama Pacha, dakika chache. Wanalipa vizuri. Na sasa weka kalamu nyekundu, toa nyeusi. Imekuwa ya kazi."

Alipotea ndani. Kupitia madirisha Mama Pacha alisikia kelele za wanawake wakimshangilia, kama alivyowahi kuhadithiwa, na aliona kwamba hadithi haikutiwa chumvi. Alikaa garini, mlango wazi, miguu nje, kalamu moja kila mkono. Mwalimu wa darasa la jioni aliwahi kusema kinachotazamwa ni sababu ya safari, si kilichotokea ulipofika. Lakini alijua pia kwamba ofisa yule kijana angempa nyeusi bila kupepesa macho, na kilomita themanini za kwenda na kurudi si kitu cha kuchezea.

Fundi alirudi akifuta mikono kwa kitambaa kilichochafuka kuliko mikono yenyewe. Aliinama penye mlango ule ulio wazi, yeye ambaye kila asubuhi ndiye aliyeinamiwa.

"Umeandika?"

"Sijaandika. Andika wewe."

Akalitazama daftari, akatazama vidole vyake. "Mimi?"

"Wewe. Na hapa juu, futa kwanza hizo herufi mbili, uandike maili."

Aliandika polepole, ulimi nje kidogo, na pale alipoweka dole gumba kushikilia jani, doa jeusi likabaki, kubwa, lenye mistari yake yote. Akalitazama kwa hofu. Mkewe hakusema neno. Alipofika penye safari ya leo, Fundi akanyoosha mkono kupokea kalamu nyeusi.

Mama Pacha akampa nyekundu.

"Hela hizo, mama," Fundi alisema. "Unazitupa?"

"Sizitupi. Shughuli, andika: kutembea na mke wangu." Alivuta miguu ndani, akafunga mlango. "Kodi ya safari hii, wacha tuilipe."